Mgeni wa Nani? Mwongozo wa Kumpokea Mkimbizi na Mhamiaji Kijijini

Familia ngeni ikipanga chumba nyuma ya maduka ya Tulia, huku Kitui, watu sokoni hawaanzi kwa kuuliza imetoka nchi gani. Huuliza: ni wageni wa nani? Asiye na mtu wa kumtaja hakopeshwi unga dukani, hajui zamu yake kisimani, na kibarua cha kupalilia ndengu humfikia wa mwisho. Mwongozo huu ni wako wewe uliye tayari kutajwa katika jibu la swali hilo. Uwe mwalimu, mama wa chama, kijana wa bodaboda au mstaafu, madhali wewe ni mwenyeji wa Kitui au Makueni na unaweza kutenga saa chache kila wiki, kazi hii unaiweza.

Pesa si sharti la kwanza. Unachotoa ni muda, ujuzi wako wa mahali, na zaidi ya yote jina lako. Unamtambulisha mgeni kwa watu wanaokuamini, nao huanza kumwamini kwa sababu yako. Hiyo ni dhamana. Itoe kwa uangalifu, na lengo lako liwe kumfikisha mgeni mahali ambapo hatahitaji tena kudhaminiwa na mtu yeyote.

Mjue unayempokea

Kenya inahifadhi wakimbizi na waombaji hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi wametoka Somalia, Sudan Kusini, Kongo, Ethiopia na Burundi, na idadi kubwa wanaishi Dadaab, kambi iliyoanzishwa 1991, na Kakuma, iliyoanzishwa 1992. Wengine wako Nairobi na miji mingine. Kitui na Makueni hazina kambi, lakini hatuko mbali na safari zao. Barabara ya Nairobi kwenda Garissa, ambayo ndiyo njia ya Dadaab, inapita Mwingi. Barabara ya Mombasa inapita Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa kambini kwa kukosa fedha, na mtu ambaye sahani yake imepungua hutazama barabara.

Usiwaweke wageni wote katika kapu moja, kwa sababu msaada wa mmoja unaweza kumponza mwingine. Mkimbizi ni mtu aliyekimbia mateso au vita na ambaye serikali imemtambua hivyo. Mwombaji hifadhi ni yule ambaye ombi lake bado linashughulikiwa. Mhamiaji ni aliyekuja kutafuta riziki, kama Mganda fundi au Mrundi anayeuza njugu kwa mkono. Yeye hutawaliwa na sheria za uhamiaji. Kisha kuna wageni ambao ni Wakenya wenzetu: familia zilizohamishwa kupisha bwawa la Thwake, wakulima waliokimbia mapigano ya malisho mpakani mwa Kitui na Tana River, na mabinti wanaorejea kutoka Ghuba mikono mitupu na aibu ambayo si yao. Waliohamishwa ndani ya nchi wana sheria yao ya mwaka 2012. Hawa wote huhitaji mwenyeji, ila stakabadhi zao na ofisi zao ni tofauti.

Anza kwa chifu, usimfiche mtu

Hatua ya kwanza, kabla ya godoro na sufuria, ni kumpeleka mgeni kwa mzee wa kijiji, kisha kwa naibu wa chifu. Nenda naye mwenyewe. Mweleze kiongozi kwa ufupi ni nani, amepanga wapi, na wewe unahusika vipi. Mjulishe pia mwakilishi wa Nyumba Kumi. Mgeni aliyejulishwa mchana hasingiziwi wizi wa mbuzi usiku.

Wenye huruma nyingi hushawishika kuiruka hatua hii kwa kuogopa kwamba mgeni atakamatwa. Woga huo unaeleweka, lakini kumficha mtu asiye na stakabadhi kunaweza kukuletea kesi, na yeye akawa katika hatari kubwa zaidi. Kama unajua au unashuku kwamba hana karatasi halali, tafuta ushauri wa kisheria kwanza, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Mashirika ya Refugee Consortium of Kenya na Kituo cha Sheria, yote ya Nairobi, yana mawakili wanaoshughulikia wakimbizi. Wapigie, ueleze hali, ufuate wanachosema. Wewe si wakili, na kukisia sheria ni kucheza na maisha ya mtu.

Stakabadhi: mambo ya kujua

Sheria inayotumika ni Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kufanya kazi Februari 2022. Ofisi ya serikali inayohusika ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, DRS. Yashike mambo manne.

Kwanza, anayetaka hifadhi anatakiwa kujitokeza mwenyewe kwa DRS bila kuchelewa. Usajili haulipiwi. Mwambie hivyo mara kwa mara, kwa kuwa madalali huuza fomu zisizo na bei na hata kuuza ndoto ya kupelekwa Kanada au Marekani. Nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu haiuzwi na mtu yeyote. Anayedai hela ni tapeli.

Pili, mkimbizi aliyeandikishwa kambini huhitaji kibali cha kusafiri ili atoke nje ya eneo alilopangiwa. Kibali kina tarehe. Soma tarehe hiyo pamoja naye, na msaidie apange kurudi au kuomba upya kabla haijapita. Usimpakie kwenye gari kumpeleka kaunti nyingine kwa sababu tu wewe una nafasi.

Tatu, sheria inakataza kumrudisha mkimbizi kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini. Akishikwa, lijue hilo, umjulishe wakili, na uende kituoni kwa utulivu. Usitoe kitu kidogo. Rushwa humfungulia leo na kumfanya windo la kesho.

Nne, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki aliyeingia kihalali huweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi 6, lakini kufanya kazi kunahitaji kibali. Siku hizi Jumuiya ni pana: Kongo ilijiunga 2022 na Somalia ikawa mwanachama kamili 2024. Sheria ya 2021 inamruhusu hata mkimbizi kutoka nchi mwanachama kuachia hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake ili afaidi haki za Jumuiya. Huo ni uamuzi mzito, wa kufanywa na mhusika mwenyewe mbele ya mwanasheria, kamwe si kwa ushauri wa jirani.

Na usihifadhi vitambulisho vyake nyumbani kwako hata akikuomba. Mnunulieni bahasha ya plastiki, mpige nakala, na asili ikae kwake. Vilevile usimsajilie laini ya simu kwa jina lako. Chochote kitakachopita kwenye laini hiyo, kiwe cha heri au cha shari, kitasomeka kuwa chako.

Wiki ya kwanza: maji kabla ya maneno

Hapa Ukambani mgeni anaweza kukosa fanicha mwaka mzima na akaishi. Akikosa kujua maji yalipo, hamalizi wiki. Mzungushe. Mwonyeshe bomba la kulipia, bei ya mtungi wa lita 20, na siku ambazo maji hayaji. Mwonyeshe mahali watu wanapochimba mchangani mtoni wakati wa kiangazi, kisima ambacho maji yake yana chumvi, na mwenye punda wa kukodi. Mweleze utaratibu wa foleni: nani hupanga mitungi, wazee hupishwa vipi, na kwamba kisima fulani ni cha kikundi chenye wanachama. Ugomvi mwingi kati ya wageni na wenyeji huanzia kwenye mtungi uliowekwa mbele ya mwingine bila kujua.

Baada ya maji, soko. Mpeleke siku ya gulio, umtambulishe kwa wauzaji watatu au wanne, si kwa soko zima. Mwonyeshe muthokoi, kunde na ndengu, umwambie vinavyopikwa. Muulize naye kwao hula nini. Mama wa Bukavu, Kongo, atatafuta unga wa muhogo na sombe. Msomali atatafuta unga wa kupikia anjera. Mkipata kinachofanana, nyumba yake itanuka kwao, na hilo humtuliza mtoto kuliko peremende.

Kisha msimu. Mkulima aliyezoea milima ya Burundi, ambako mvua ni nyingi zaidi, anaweza kupanda mahindi Tulia kwa imani na akapoteza mbegu zote. Mwambie mapema kwamba mvua ya kutegemewa zaidi hapa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, kwamba shamba huandaliwa kabla ya wingu la kwanza, na kwamba ndengu, mtama na mbaazi huvumilia pale mahindi yanapokata tamaa. Maelezo hayo ya nusu saa yanaweza kumpa chakula cha msimu mzima.

Shule na afya

Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Imesema kila mtoto, si kila mtoto Mkenya. Nenda na mzazi kwa mwalimu mkuu ukiwa na karatasi zozote zilizopo. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, omba mtoto aanze kuketi darasani wakati mnashughulikia karatasi.

Angalia sana suala la darasa. Mtoto wa miaka 12 kutoka Kongo au Burundi huenda amesomeshwa kwa Kifaransa. Akitiwa na watoto wa miaka saba kwa sababu Kiingereza hakijamkaa ulimini, ataacha shule kwa aibu. Mwombe mwalimu ampime hesabu kwanza, kwani nambari hazibadiliki mpakani, kisha mtafutie mwanafunzi mwenzake wa kumsaidia jioni. Hapo vijana wanaosubiri kujiunga na vyuo wana kazi nzuri ya kujitolea: saa moja ya Kiingereza, mara tatu kwa wiki, mahali pa wazi kama kanisani au darasani, daima wakiwepo watu wazima wawili.

Kuhusu afya, kifungu cha 43 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kijue na ukitaje kwa heshima panapohitajika. Mtambulishe mgeni kwa mhudumu wa afya wa kijiji, umwonyeshe zahanati na siku ya kliniki ya watoto. Wajawazito wapewe kipaumbele; mjue mapema gari la usiku litatoka wapi. Unapohitaji mkalimani kwa daktari, usimtumie mtoto wa mgonjwa. Mtoto hapaswi kumtafsiria mama yake maumivu ya uzazi wala kumbukumbu za kubakwa. Tafuta mtu mzima wa jinsia ile ile, hata kwa simu.

Ukiona dalili za kuumizwa, namba hizi ni za bure: 116 kwa watoto na 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Msichana aliyepokonywa simu na pasipoti na mwajiri, asiyeruhusiwa kutoka, huenda amesafirishwa kwa biashara ya binadamu. Hilo ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2010, na ni la kuripoti polisi. Usijaribu kulisuluhisha kwa mazungumzo uani.

Mpe nafasi katika mwethya

Waswahili wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengine huitumia methali hii kumfukuza mgeni kwa adabu. Mimi naamini inatufundisha kumheshimu. Mtu anayepokea tu, mwezi baada ya mwezi, hupungua machoni pa majirani na machoni pake mwenyewe. Jembe humrudishia kimo chake.

Ukambani tuna chombo kamili cha kazi hiyo, nacho ni mwethya. Kikundi huzunguka shamba kwa shamba kikichimba makingamaji ya fanya juu, na leo ni kwangu, kesho ni kwako. Kwa mikono kama hiyo, pamoja na mashirika kama SASOL, mamia ya mabwawa ya mchanga yamejengwa katika mito ya Kitui. Mwombe mwenyekiti wa kikundi chako amkaribishe mgeni kufanya kazi kwanza kama mwalikwa. Baada ya miezi michache, ikiwa ameonekana, aombe uanachama kwa sauti yake. Kina mama wanaosuka vyondo nao wamkaribishe mwenzao. Huenda mikono yake inajua kushona kitenge au kudarizi, na atawafundisha pia.

Chama cha kuweka na kukopa ni hatua ya baadaye. Mwache ahudhurie, ajue kanuni na faini, aanze na hisa ndogo. Usimlipie hisa kwa siri. Ikijulikana, ataitwa mtoto wako, na atakosa heshima ya mwanachama.

Ajira ni jambo jingine. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba kibali cha kazi cha Daraja la M, ambacho hutolewa bila ada. Msaidie kuomba. Na ukiwa wewe ndiwe mwenye kibarua, mlipe sawa na mwenyeji, siku ile ile. Mtu asiye na karatasi hawezi kukushtaki, na hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutomdhulumu.

Kusikiliza, lugha na dini

Mfundishe salamu kabla ya kitu kingine: Wakya, na jibu lake Aa. Mama mzee aitwe mwaitu. Salamu mbili za Kikamba hufungua milango ambayo Kiswahili sanifu hakifungui. Mkongomani anakuja na Kiswahili chake. Usimcheke wala usimsahihishe mbele ya watu.

Usimuulize alichokimbia. Akitaka kusimulia, ataanza mwenyewe, pengine mwaka wa pili, mkichambua kunde. Hapo sikiliza, usimkatize kwa visa vyako, na usikipeleke kisa hicho kanisani kama ushuhuda. Usimpige picha ya kuonyesha wema wako. Picha moja ya mtandaoni yaweza kumfikia yule yule aliyemkimbia.

Msaada usiwe chambo cha dini. Mgeni akiwa Mwislamu, mnapochinja mbuzi wa kikundi, mwiteni Mwislamu achinje, na wote watakula sufuria moja. Makueni tunao mfano wa karibu: hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa 1926, bado linamlisha mpita njia wa dini yoyote bila malipo na bila kumhoji imani yake. Lina utaratibu wake, kama kuvua viatu na kufunika kichwa, na utaratibu huo ni mmoja kwa wote.

Wenyeji nao wana njaa

Kitui na Makueni ni kaunti kame. Jirani yako anaweza kuwa anakula mara moja kwa siku anapokuona ukibeba unga kupeleka kwa wageni. Manung'uniko yake si ubaya wa moyo, na ukimjibu kwa mahubiri utamgeuza adui wa mgeni wako.

Fanya mambo mawili. La kwanza, kila unapopata msaada wa kugawa, uwe mbegu, madaftari au dawa ya minyoo, gawia pia kaya za wenyeji zilizo maskini zaidi, hadharani, kwa orodha ambayo mzee wa kijiji ameiona. Hata Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na serikali Machi 2025 ili kuzigeuza kambi za Turkana na Garissa kuwa makazi ya kudumu, umejengwa juu ya wazo hilo: huduma za wakimbizi na za wenyeji ziwe zile zile.

La pili, katika baraza waombe wazee wasimulie. Wengi wa Kitui ni wajukuu wa watu waliovuka Athi kutoka Mbooni kutafuta ardhi. Makueni ilijaa katika miaka ya 1940 kwa familia zilizoletwa kufyeka vichaka vya mbung'o. Nyakati za njaa kuu babu zetu walikwenda kuthuua, kutafuta chakula kwa watu wengine, na baadhi yao wakabaki huko huko Rabai na Kwale, ambako vizazi vyao vipo hadi leo. Walipokelewa. Mzee akilisema hilo kwa Kikamba, lina uzito kuliko mabango yote ya mashirika.

Linda mipaka yako

Ahidi kidogo. Sema "nitauliza" pale ambapo hujui, na urudi na jibu hata kama jibu ni hapana. Panga siku na saa zako. Simu ya usiku iwe ya dharura pekee. Usikopeshe pesa ambazo huwezi kuzisamehe. Usianzishe mapenzi na mtu anayekutegemea kwa karatasi au chakula, hata kama pande zote mbili zinaonekana kuridhika. Usifanye kazi hii peke yako: tafuta wenzako wawili au watatu, mkutane kila mwezi, mwandike mlichofanya kwenye daftari moja bila kutaja siri za watu. Tawi la Msalaba Mwekundu au Caritas ya jimbo lenu litawapa mafunzo na mahali pa kupeleka mzigo unaowazidi.

Na siku mgeni atakapochukua uamuzi usioupenda, kama kuhamia Nairobi, kurudi Kakuma au kurejea kwao, msaidie kufunga mizigo. Hukumpokea ili umiliki maisha yake.

Utajua umefaulu pale atakapoanza kukataa msaada wako kwa sababu ana njia yake mwenyewe, na pale mgeni mwingine atakapofika Tulia na watu wakasema amefikia kwake. Kwa hiyo usingoje shirika lije na gari na mabango. Wiki hii tafuta familia moja tu iliyohamia karibu nawe, uisalimie, uulize jina la mama na la watoto, kisha ukubaliane nao siku ya kwenda pamoja kwa naibu wa chifu.